KIINGEREZA HAKIFUNZWI KWA KIBAO SHINGONI

Katika shule nyingi za sekondari za nchi yetu kuna amri moja ambayo mwanafunzi huijua hata kabla hajaijua ratiba ya masomo: uwapo katika eneo la shule, sema Kiingereza. Amri hiyo huandikwa kwenye vibao vya malangoni, hurudiwa na mwalimu wa zamu mstarini asubuhi, na hulindwa na viranja wenye daftari la majina ya wakosaji. Hata hivyo, yeyote aliyepata kukaa nyuma ya darasa la kidato cha pili au cha tatu akasikiliza atakubaliana nasi kwamba mavuno ya amri hiyo ni haba. Mwalimu huuliza swali, darasa likanyamaza. Hulirudia swali lake, nazo sauti mbili tatu za wale wale wa kila siku hujibu kwa neno moja. Waliosalia huinamisha vichwa, wakiomba dua kwamba jicho la mwalimu lisiwapate.

Ukimya huo ndio tunaotaka kuuzungumza leo na ndugu zetu walimu, na pia na watumishi wa Serikali ambao kwa njia moja au nyingine huandaa mitaala, hutunga mitihani, hukagua shule na huajiri vijana wanaotoka shuleni. Mwanafunzi aliyeamriwa kusema lugha asiyoijua vyema, na ambaye hucheka wenzake wakikosea kisha naye huchekwa akikosea, hana njia ya salama zaidi kuliko kufunga kinywa. Amri ilikusudiwa kumfundisha kusema, lakini kwa walio wengi imemfundisha kunyamaza.

Jambo hili si dogo. Kijana anayemaliza miaka minne ya sekondari bila kufungua kinywa hapotezi Kiingereza peke yake. Hupoteza pia fizikia, biolojia, jiografia na historia, kwa sababu masomo hayo yote katika shule zetu za sekondari hufundishwa kwa lugha hiyo. Asiyeweza kuuliza hawezi kuondolewa shaka. Hubaki kunakili ubaoni, kukariri alichonakili, na kukirudisha siku ya mtihani kama kilivyo, pengine bila kukielewa. Taifa haliwezi kupata wahandisi, waganga na wataalamu wa kilimo wenye fikra huru kwa kuwakaririsha watoto wake sentensi za watu wengine.

Inafaa tukumbuke tulikotoka. Tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika madarasa yote saba ya shule za msingi, mwanafunzi wa Tanzania katika shule za Serikali amekuwa akikutana na Kiingereza kama somo moja miongoni mwa mengi, kisha ghafla, aingiapo kidato cha kwanza, akakikuta kimeshika masomo karibu yote. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilitoa taarifa yake mwaka 1982, ikapendekeza Kiswahili kianze kuchukua nafasi hiyo katika sekondari tangu mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, waliwapima wanafunzi wa ngazi mbalimbali nchini, wakakuta kwamba wengi wa walio sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Kuanzia mwaka 1987 ukaja mradi wa kukiimarisha Kiingereza kwa msaada wa Uingereza, uliopeleka shuleni vitabu vyepesi vya kusoma.

Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mkubwa, nao una mahali pake. Hatukusudii kuumaliza hapa. Yeyote atakayeshinda katika mjadala huo, kijana wa Tanzania bado atahitaji kukisema Kiingereza. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyofufuka mwaka 2000, huendesha vikao vyake rasmi vingi kwa lugha hiyo. Rubani na mwongoza ndege hutumia lugha hiyo wanapotoka nje ya mipaka, na mikataba mingi ya biashara na nchi za mbali huandikwa kwa lugha hiyo. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kwa kukidharau Kiswahili, alisema mwaka 1984 kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia. Swali letu basi ni la kiutendaji: kijana huyu hujifunzaje kusema?

Jibu la kwanza halihitaji kutafutwa ng'ambo. Nchi hii ina lugha zaidi ya 120. Msukuma, Mhaya, Mmakonde, Mhehe na Mmasai hawakuzaliwa wakijua Kiswahili. Mamilioni yao walijifunza. Tujiulize walijifunza wapi. Baadhi walipitia darasani, lakini wengi walijifunza sokoni, kisimani, katika mashamba ya mkonge, bandarini, katika mikutano ya kudai Uhuru, katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963, na katika mabweni ya shule zilizokusanya vijana wa mikoa yote. Mtu alihitaji chumvi, akaiomba kwa maneno matatu aliyokuwa nayo. Muuzaji alimwelewa, akamjibu, na katika jibu hilo mnunuzi akaokota neno la nne. Alichanganya ngeli, akasema kitu kwa kiambishi cha mtu, na hakuna aliyemvika kibao shingoni. Leo wajukuu wa watu hao hutunga mashairi ya Kiswahili.

Mwalimu Nyerere mwenyewe ni mfano. Alizaliwa Butiama akazungumza Kizanaki, akaanza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, na huko ndiko alikoanza kukipata vyema Kiswahili, kisha Kiingereza. Mwaka 1952 alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na baadaye akazitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare: ile ya Julius Caesar ikachapishwa mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Lugha yake ya tatu haikumpokonya ya pili, wala ya pili haikuifuta ya kwanza.

Yale ambayo wananchi wetu waliyafanya kwa akili ya kawaida, wataalamu wa mambo ya lugha wameyathibitisha kwa uchunguzi. Mwaka 1975 Joan Rubin wa Marekani alitoa makala akieleza wanafunzi wanaofaulu katika lugha ngeni hufanya nini ambacho wengine hawakifanyi. Aliona kwamba hukisia maana bila hofu, hutafuta kila nafasi ya kuzungumza, hukubali kuonekana wajinga kwa muda ili waeleweke, huyasikiliza makosa yao wenyewe na kuyasahihisha, na hujali maana kama wanavyojali sarufi. Mwaka 1990 mtaalamu mwingine wa huko huko, Rebecca Oxford, alizipanga mbinu za namna hiyo katika mafungu sita. Tutayaeleza kwa lugha ya darasani, maana kila fungu lina jambo ambalo mwanafunzi wa Namtumbo au wa Kasulu anaweza kulifanya bila kununua kitu.

Fungu la kwanza ni mbinu za kumbukumbu. Mwanafunzi hushika maneno kwa kuyaunganisha na kitu anachokijua. Anayeandika daftarini maneno kumi pekepeke, kila moja na tafsiri yake, huyasahau upesi. Anayeandika sentensi fupi anazoweza kuzitumia kesho, kama vile namna ya kuomba ruhusa, kukubali hoja au kuipinga kwa adabu, huwa na kitu cha kusema atakapohitaji.

La pili ni mbinu za akili na mazoezi: kusoma kwa sauti, kurudia kwa kufuatisha msomaji wa redio, na kusimulia kwa maneno yake mwenyewe hadithi aliyoisoma. La tatu ni mbinu za kuziba pengo, nazo ni muhimu kupita kiasi katika kusema. Mwanafunzi asiyejua neno la ufagio aseme kitu cha kusafishia sakafu, naye ataeleweka. Anayenyamaza kwa kukosa neno moja hupoteza na yale tisini aliyokuwa nayo.

La nne ni mbinu za kupanga na kujikagua: kujiwekea lengo la juma, kuchagua mada mapema, kujirekodi sauti kwa simu awapo nyumbani na kujisikiliza. La tano ni mbinu za moyo: kupunguza hofu, kuanza kusema mbele ya rafiki mmoja kabla ya kusema mbele ya darasa zima. La sita ni mbinu za ushirikiano: kuomba neno lirudiwe, kuomba kusahihishwa, kusoma pamoja na mwenzako. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na hapa usemi huo ni mbinu kamili ya kujifunza lugha.

Wanafunzi wetu hawakukaa wakisubiri orodha hiyo. Tazama vijana wawili wanaotembea kilomita kadhaa kurudi nyumbani baada ya masomo, wakakubaliana kwamba kutoka shuleni hadi mtoni ni Kiingereza tu, na kutoka mtoni hadi kijijini ni lugha yoyote. Tazama wasichana wa bweni wanaopeana zamu za kusimulia hadithi kabla ya taa kuzimwa. Mbinu hizo huzaa matunda kwa sababu wenyewe wamezichagua, msikilizaji ni rafiki, na kosa huzaa kicheko kisicho na sumu. Lakini ziko pia mbinu dhaifu ambazo mwalimu anapaswa kuwaondolea vijana. Kukariri hotuba ya mdahalo neno kwa neno na kuisoma kwenye karatasi ni zoezi la macho zaidi kuliko la ulimi. Kukariri kamusi kuanzia herufi ya kwanza ni kazi ya kusikitisha, na kujikalia kimya hadi Kiingereza kitakapokuwa kamili ni kungoja meli nchi kavu.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo uchunguzi mwingine uliliweka wazi. Nchini Kanada, kuanzia mwaka 1965 katika mji wa Saint-Lambert, Quebec, watoto wa wasemaji wa Kiingereza waliwekwa katika madarasa yaliyofundisha karibu kila kitu kwa Kifaransa. Baada ya miaka kadhaa watoto hao waliweza kusikiliza na kusoma Kifaransa vizuri mno, lakini waliposema, makosa yalikuwa mengi kuliko ilivyotazamiwa. Mtaalamu Merrill Swain alieleza mwaka 1985 kwamba walisikia mengi lakini walipata nafasi chache za kusema, na hawakusukumwa kuyafanya maneno yao yaeleweke barabara. Ikiwa watoto waliosikia lugha hiyo kutwa nzima, kutoka kwa walimu walioimudu, walihitaji nafasi ya kusema, je, watoto wetu wanaoisikia kwa saa chache watajifunza kwa njia gani nyingine?

Tufanye hesabu ndogo. Kipindi kimoja katika sekondari zetu ni dakika 40. Tuseme darasa lina wanafunzi 60, na mwalimu ametenga nusu ya kipindi kwa wanafunzi kusema. Wakisema mmoja mmoja mbele ya wenzao, dakika 20 zikigawanywa kwa 60, kila mmoja anapata sekunde 20, yaani muda wa kusimama, kusafisha koo na kutaja jina lake. Lakini wakigeukiana wawili wawili na kusema kwa zamu katika dakika hizo hizo 20, kila mmoja anapata dakika 10. Nafasi ya kusema imeongezeka mara thelathini, na Wizara haikuombwa senti moja.

Liko zoezi linalofaa sana kwa madarasa makubwa. Mwanafunzi huchagua mada rahisi, kwa mfano jinsi ya kupanda mahindi au safari ya kwenda kwa babu. Humweleza mwenzake kwa dakika nne. Kisha hubadilisha msikilizaji na kueleza mambo yale yale kwa dakika tatu, na mara ya mwisho, kwa msikilizaji wa tatu, kwa dakika mbili. Mtaalamu Paul Nation wa New Zealand alilichunguza zoezi hili katika makala yake ya mwaka 1989, akaona kwamba kasi ya msemaji huongezeka na kusitasita hupungua kutoka zamu moja hadi nyingine. Sababu yake haina fumbo: mara ya tatu msemaji hatafuti tena la kusema, kwa hiyo akili yake yote hushughulikia namna ya kulisema.

Midahalo nayo ni mila njema ya shule zetu na tusiiache ife. Lakini mdahalo wa wasemaji wakuu sita wanaosoma karatasi mbele ya wasikilizaji mia tatu waliosinzia haufundishi watu mia tatu kusema. Kabla wasemaji wakuu hawajaanza, kila mwanafunzi na ajadiliane na jirani yake kwa dakika tano, na karatasi za hotuba zibaki na vichwa vya hoja tu. Tutashangaa ni mikono mingapi itakayoinuliwa.

Kuhusu matamshi, walimu wa Kiingereza na walimu wa Kiswahili wanapaswa kusaidiana kuliko wanavyofanya sasa. Kiswahili kina irabu tano, ilhali Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina takriban 20, zikihesabiwa na zile za kuunganika. Ndiyo maana mwanafunzi wetu hutamka "ship" na "sheep" kwa sauti moja, na merikebu ikageuka kondoo. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, iwe ni soma, someni au wasomaji. Kiingereza huuhamisha, kama mtu anavyoweza kusikia akitamka kwa mfululizo "photograph", "photographer" na "photographic". Kiswahili hupenda neno liishe kwa irabu, na kwa hiyo "test" huwa testi. Mwanafunzi akielezwa mambo hayo matatu tu, huacha kudhani kwamba ulimi wake ni mbovu. Huelewa kwamba ulimi wake umezoea kanuni nyingine, na kanuni hujifunzwa.

Na iko hazina ambayo hatuitumii. Sauti mbili za Kiingereza zinazowasumbua sana Wafaransa na Wajerumani, zile zinazoanza maneno "thin" na "this", Kiswahili sanifu kinazo. Anayetamka thelathini na dhahabu kama inavyopaswa amekwisha kuzipata. Anayesema selasini na zahabu atasumbuka katika lugha zote mbili. Kwa hiyo kila mwalimu wa Kiswahili anayesisitiza matamshi sahihi hufanya pia kazi ya mwenzake wa Kiingereza.

Tunajua zipo hoja zitakazoletwa dhidi ya maneno yetu. Ya kwanza ni kwamba wanafunzi wakiachwa wawili wawili watazungumza Kiswahili. Ni kweli, baadhi watafanya hivyo mwanzoni, hasa wakipewa mada wasiyoiweza. Dawa yake ni mwalimu kutoa kazi fupi yenye mwisho unaoonekana, na kuwapa kwanza maneno watakayoyahitaji. Tena si kila neno la Kiswahili ni hasara: mwanafunzi anayemwuliza mwenzake kwa Kiswahili namna ya kusema jambo kwa Kiingereza, kisha akalisema, amejifunza. Ya pili ni kelele. Kelele ya vijana sitini wanaosema ni kelele ya kazi, na mkuu wa shule anayepita dirishani hana budi kuizoea. Ya tatu ni kwamba makosa yatazoeleka. Hofu hii ina msingi, na hatuipuuzi. Lakini makosa yasiyotamkwa hayawezi kusahihishwa. Mwalimu apite akisikiliza, aandike makosa matano yaliyojirudia, na mwishoni ayasahihishe mbele ya wote bila kutaja majina.

Sasa tuuseme ule ukweli unaouma. Desturi ya kumvika kibao shingoni, au kumchapa, au kumtoza mtoto faini kwa kosa la kusema lugha ya nchi yake, tuliirithi kutoka kwa wakoloni. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya aliyefariki mwaka 2025, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi watoto wa shule za wakati wa ukoloni walivyoadhibiwa kwa kusema Kigikuyu, na jinsi walivyofundishwa kuchongeana. Uhuru umekwisha kutimiza zaidi ya miaka 60, na bado ziko shule zinazofanya vivyo hivyo kwa Kiswahili. Adhabu hiyo humfundisha mtoto mambo mawili, na yote mawili ni mabaya: kwamba lugha yake ni aibu, na kwamba Kiingereza ni adhabu. Mtu hapendi kinachomwumiza, na asichokipenda hakifanyii mazoezi.

Ifahamike kwamba hatusemi shule isiweke saa au siku za Kiingereza. Na ziwekwe. Mwanafunzi mwenyewe anahitaji mipaka ya kumsaidia, kama wale vijana wawili walivyojiwekea mto kuwa mpaka wao. Tofauti iko katika nia na namna. Saa ya Kiingereza yenye mada, michezo ya kuigiza, hadithi na mwalimu anayezungumza na wanafunzi wake kama watu ni jambo moja. Daftari la kiranja ni jambo jingine kabisa.

Nao watumishi wa Serikali wana sehemu yao. Kwa miaka mingi mtihani wa taifa wa kidato cha nne umepima Kiingereza kwa karatasi na kalamu. Kila mwalimu anajua kwamba kisichotahiniwa hakifundishwi, hata kama kimeandikwa kwa herufi kubwa katika muhtasari wa somo. Kuwapima kwa mdomo watahiniwa wote wa nchi ni kazi ngumu na ya gharama, hilo tunalikubali. Lakini upimaji wa maendeleo unaofanywa shuleni unaweza kutenga sehemu kwa mazungumzo ya dakika tatu kati ya wanafunzi wawili mbele ya mwalimu wao. Wathibiti ubora wa shule nao, wanapotembelea darasa, wahesabu ni dakika ngapi wanafunzi wamesema, kama wanavyohesabu maandalio ya masomo.

Ofisini nako kuna kasumba ya kuondoa. Wapo wakubwa wanaocheka Kiingereza cha vijana wapya, na wapo wanaopima akili ya mwombaji kazi kwa lafudhi yake. Kiingereza ni chombo cha kazi kama ilivyo jembe au tarakilishi. Hakipimi utu wala busara. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, na mwaka 2021 UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka huo huo wa 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama zetu. Taifa lenye lugha inayoheshimiwa hivyo halina sababu ya kujifunza lugha ya pili kwa unyonge. Tuitafute kama mfanyabiashara anavyoitafuta bidhaa anayoihitaji, akiwa na mali yake mkononi.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa ndugu zetu walimu: katika muhula huu, kila mmoja achukue kipindi kimoja tu kwa juma, awageuze wanafunzi wake wawili wawili, awape mada wanayoijua na muda uliopimwa, kisha anyamaze yeye na awasikilize. Wakuu wa shule wavunje vibao vya shingoni na wavitie jikoni, angalau viivishe maharage. Maofisa elimu wawatembelee walimu hao ili kujifunza kwao kabla ya kuwaelekeza. Na wanafunzi wenyewe, wenye kujua tayari njia za kufunzana barabarani na bwenini, waendelee bila kuona haya. Ukiona vyaelea, vimeundwa: kila msemaji hodari wa Kiingereza tunayemsikia leo aliwahi kusema vibaya mara nyingi, mbele ya mtu aliyekuwa na subira ya kumsikiliza.